Olajuwon na shabiki anayehama na mchezaji wake

Mashabiki wa mpira wa kikapu ni wa namna mbili: wa timu na wa mchezaji. Huyu wa pili huitwa kigeugeu, nami naona anaonewa.

Mtazame Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, jezi namba 34 ya Houston Rockets. Aliipa Houston ubingwa wa NBA mwaka 1994, na tena 1995 walipoichapa Orlando Magic ya Shaquille O'Neal mechi nne kwa nunge. Februari ya mwaka huo iliangukia Ramadhani. Alicheza na saumu yake, akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. (Kiswahili nacho: alifunga, na akafunga!) Muislamu aliyeipenda Houston kwa hilo hakuwa na habari na mji wenyewe.

Kwa hivyo Olajuwon alipohamia Toronto Raptors mwaka 2001, umri umeshambana, shabiki huyo alimfuata. Mwaka uliofuata mzee akastaafu, na Houston ikaitundika jezi ile, haivaliwi tena.

Shabiki akabaki bila timu. Siku hizi yuko kwa Kyrie Irving, naye hucheza na saumu, tena Dallas Mavericks, mahasimu wa Houston jimbo moja la Texas.