Picha Safi, Hitilafu Ndani

Ndugu msikilizaji, fundi wa televisheni za zamani, zile za vali, alizoea kuletewa lalamiko hili: sauti ipo, picha hakuna. Alijua pa kuanzia. Tyubu ya picha ya rangi huhitaji umeme wa volti 25,000 hivi, unaozalishwa na transfoma iitwayo flaibaki. Basi alikagua vali inayoiendesha transfoma hiyo, kisha vali inayonyoosha umeme wake. Picha ikivimba na kufifia kila mwangaza unapoongezwa, alijua volti hizo zinalegea. Na hata baada ya kuchomoa plagi hakugusa ovyo, kwani tyubu hubaki na chaji inayoweza kumrusha mtu.

Lakini wiki hii nataka tuzungumzie hitilafu ambayo mteja hakuwa na sababu ya kuilalamikia.

Mwezi Mei 1967, kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba televisheni zake za rangi zenye kioo kikubwa, takriban 90,000, huenda zilikuwa zikitoa eksirei kupita kiasi. Seti hizo zilikuwa sebuleni mwa watu, zikionyesha picha kama kawaida. Eksirei haionekani, hainuki, wala haina kelele. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Chanzo kilikuwa vali ya kudhibiti volti. Picha inapokuwa na giza, tyubu hutumia umeme kidogo, na volti hutaka kupanda. Vali hiyo huunywa umeme unaozidi. Tatizo ni kwamba elektroni zilizokimbizwa kwa maelfu ya volti zikigonga chuma ndani ya vali, huzaa eksirei. Kwa hiyo vali hiyo lazima ifunikwe kwa kinga. Katika seti hizo kinga haikutosha, na mionzi ilipenya kuelekea chini. Hebu fikiri seti iliyowekwa juu ya rafu, na mtoto anayecheza chini yake.

Wakuu wa afya wa Marekani waliwashauri watazamaji wakae umbali wa futi 6 au zaidi, na wasikae muda mrefu ubavuni, nyuma wala chini ya seti. Kilio kilifika bungeni. Tarehe 18 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kudhibiti mionzi inayotoka katika vifaa vya umeme. Kiwango kilichowekwa kwa televisheni kilikuwa milirentgeni 0.5 kwa saa, ikipimwa sentimita 5 kutoka upande wowote wa seti.

Viwanda navyo vilijirekebisha. Kioo cha tyubu kiliboreshwa ili kizuie mionzi zaidi, na vali ile ya kudhibiti ikaachwa taratibu. Lakini lililonivutia zaidi ni hili: seti zilianza kuwekewa saketi ya ulinzi, ili volti zikizidi picha ivurugike au seti izime kabisa. Yaani hitilafu iliyokuwa imejificha ililazimishwa kujitangaza. Mwenye seti, asiyejua volti wala mionzi, angeona picha imeharibika na kumwita fundi.

Hapo ndipo penye mtihani wa fundi. Kuiondoa saketi hiyo ili picha irudi ni kazi ya dakika chache. Mteja atafurahi, atalipa na kwenda zake. Fundi mwaminifu hufanya kinyume chake. Hupima volti kwa kipimo cha kazi hiyo, hulinganisha na maelekezo ya kiwanda, na hurudisha kila kinga mahali pake kabla ya kufunga mgongo wa seti.

Ndugu msikilizaji, televisheni hizo sasa ni vitu vya kumbukumbu. Funzo lake halijazeeka: anayenyamazisha onyo hajatengeneza kitu. Hadi wiki ijayo, kwaherini.