Daraja G: Jinsi Mamlaka Yalivyogawanywa Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1962, Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa amebanwa na muda. Kompyuta aliyoitegemea ilitumia mfumo wa CTSS, uliohudumia watu wengi kwa zamu za haraka, na kila mmoja alikuwa na mgao wake wa saa. Mgao wa Scherr haukumtosha. Akaandaa kadi ya kuiagiza mashine ichapishe faili la nywila za watumiaji wote. Ikachapisha, naye akawa anaingia kwa majina ya wenzake.

Miaka minne baadaye yakazuka makubwa zaidi. Wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa kazini kwa wakati mmoja, huyu akihariri faili la nywila, yule ujumbe wa kuwakaribisha watumiaji. Programu ya kuhariri iliwapa wote wawili faili la muda lenye jina moja, yaliyomo yakabadilishana, na kila aliyeingia akalakiwa na orodha ya nywila za watu wote. Awali haikuruhusiwa watu wawili kuhariri ndani ya saraka moja kwa pamoja. Kanuni hiyo ilikuwa imelegezwa ili kuwarahisishia kazi wasimamizi.

Kugawana mashine kulikuwa kumewezekana. Kugawana mamlaka bado.

Jibu lilichipuka jirani kabisa na MIT, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts. Robert Creasy, aliyekuwa amefanya kazi kwenye CTSS, aliongoza wenzake kuunda CP-40, mfumo ulioanza kutumika rasmi Januari 1967. Kila mtumiaji alipata mashine pepe yake, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya ile halisi, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 256, na kompyuta moja iliweza kubeba mashine hizo 14 kwa pamoja. Mtu alikuwa kama mpangaji mwenye chumba chake: humo ndani alifanya atakavyo, hata akivuruga mambo, majirani waliendelea na shughuli zao.

Lakini nani azime kompyuta yenyewe? Nani amtoe aliyeng'ang'ania? Mfumo wa VM/370, uliotangazwa na IBM Agosti 1972, ulijibu kwa herufi. Amri ziligawanywa katika madaraja kuanzia A hadi G. Daraja A lilikuwa la mwendeshaji mkuu, mwenye uwezo wa kuzima mfumo mzima. B lilishughulikia vifaa, D foleni za uchapishaji. G, la mwisho, lilikuwa la mtumiaji wa kawaida.

Katika orodha ya watumiaji, kila mtu alianza na mstari mmoja: jina, nywila, kiasi cha kumbukumbu, kikomo chake, kisha herufi ya daraja. Mwenye G aliweza kuwasha mashine yake kwa amri ya IPL, kuisimamisha, kuiendeleza kwa BEGIN, na kuiongezea kumbukumbu bila kuvuka kikomo alichowekewa. Amri ya SHUTDOWN haikumhusu. Alitawala mashine yake, na hakugusa ya mwenzake.

Teknolojia ya mashine pepe ilipohamia kwenye kompyuta ndogo, somo hilo lilisahaulika kwa muda. Xen, programu ya kuendesha mashine pepe, ilitoka mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na amri zake zilishikwa na root, mwenye mamlaka yote. Msimamizi aliyechoka kuombwa awashe mashine za watu aliweza kukimbilia sudo, chombo cha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kumruhusu mtumiaji kutoa amri ya xm, ile ya kusimamia mashine za Xen, kwa nguvu za root. Hapo ndipo penye mtego: anayeruhusiwa xm bila mpaka huwasha mashine yake, na anaweza pia kuzima ya jirani. Ilibidi kila ruhusa itaje kitendo na jina la mashine.

Amazon ilipoanza kukodisha mashine pepe mwaka 2006, mteja alijihudumia mwenyewe, lakini ilichukua hadi 2011 kwa huduma ya IAM kumwezesha kumpa kila mfanyakazi wake ruhusa zake. Proxmox, mfumo wa mashine pepe wa Vienna uliotoka 2008, sasa una wadhifa uitwao PVEVMUser: mwenye nao anawasha, anazima, anatazama skrini na kuhifadhi nakala ya mashine aliyokabidhiwa. Ni daraja G kwa jina jipya.

Hivyo anayesimamia seva ya chuo au ofisi hana sababu ya kusambaza nywila ya root ili kujipunguzia usumbufu. Aandike kwanza kila mtu anahitaji kufanya nini, na kwenye mashine ipi, kisha atoe ruhusa hiyo na asizidishe.