Samaki wa tangi dogo: Anza na maji, hasa ukiwa Bonde la Ufa

WENGI wanaosimama Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi-Nakuru, hufuata nyama choma. Ni wachache wanaoendelea hadi upande wa kusini wa Ziwa Elmenteita, ambako kuna chemchemi za maji moto zenye jina hilo hilo la Kikopey. Humo huzaliana samaki mdogo, jamaa ya ngege, ambaye wataalamu humwita Alcolapia grahami. Asili yake ni Ziwa Magadi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipandikizwa katika Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu, na aliposhamiri huko, ndege aina ya mwari waliotaga mayai Elmenteita walizoea kuruka hadi Nakuru kumtafuta.

Samaki huyo hafai kufugwa sebuleni, na isitoshe Elmenteita ni hifadhi ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Hata hivyo, maisha yake yanaeleza kwa nini samaki wengi wa mapambo wanaonunuliwa mjini na kupelekwa nyumbani katika eneo hili hufa kabla ya mwezi kwisha.

Samaki kwa kawaida hutoa taka za mwili kama amonia, kupitia matamvua. Katika maji yenye magadi mengi, amonia hiyo haitoki mwilini kwa urahisi, na ile iliyomo majini hugeuka sumu kali zaidi. Samaki wa Magadi alikwepa balaa hiyo kwa kutoa urea badala ya amonia. Samaki wa dukani hana kipawa hicho.

Ukali wa magadi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni maji yasiyoegemea upande wowote na tarakimu za juu yake ni za alkali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyomo ndiyo huwa katika hali ya sumu. pH ikifika 8, kiasi hicho hupanda hadi asilimia 5 hivi. Ikifika 9, huzidi thuluthi moja. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule ambao samaki wa mahali pengine angeuvumilia unaweza kumuua wa Gilgil au Nakuru kwa siku moja.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda dukani, pima maji yako. Visima vingi vya Bonde la Ufa hutoa maji ya alkali, yenye floraidi ile inayoyapaka meno ya wenyeji rangi ya kahawia. Karatasi za kupimia pH si ghali. Ukikuta kipimo kimezidi 8.5, changanya maji hayo na ya mvua yaliyokingwa kutoka kwa paa safi, kwa kiwango kile kile kila mara unapobadilisha maji, kwani mabadiliko ya ghafla huwadhuru samaki kuliko hata maji yasiyowafaa sana. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili.

Jambo la pili ni baridi. Kikopey iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko si wa kuchezea. Samaki wengi wa mapambo hutoka nchi za joto na huhitaji nyuzi 23 hadi 27. Bila hita ya tangi, uchaguzi wako unakuwa mfinyu. Hata mwenye hita akumbuke kwamba umeme hupotea.

Tuseme basi una tangi la kioo la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo hubeba lita 54 likijaa pomoni, na chini ya hapo ukishaweka changarawe. Ni tangi dogo.

Kwa asiye na hita, chaguo letu la kwanza ni danio mwenye milia, samaki wa Bara Hindi asiyezidi sentimita 5 kwa kawaida, anayestahimili maji ya nyuzi 18 na pH ya 8. Hupenda kuishi kwa kundi, hivyo nunua sita au zaidi. Tangi liwe na mfuniko, maana huruka.

Mwenye hita anaweza kumchukua gapi. Huyu huyapenda maji ya alkali, hana ugomvi, na dume lake lina mkia wa kuvutia. Taabu yake ni uzazi. Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kwa hivyo hata ukimnunua peke yake huenda tayari ana mimba. Asiyetaka tangi lijae anunue madume matupu. Plati hana tofauti kubwa, ila ni mnene zaidi. Moli huyapenda maji haya kuliko wote, lakini hukua hadi sentimita 10 na tangi letu litambana.

Anayetaka kitu cha nyumbani Afrika Mashariki amtafute Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, kwa hivyo alkali ya wastani haimsumbui. Hazidi sentimita 4 au 5, na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mwekee mchanga laini na makombe kadhaa, kisha umtazame akihamisha mchanga kwa mdomo siku nzima. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna samaki wa kiasi chake mwenye vituko zaidi. Mbuna wa Ziwa Nyasa, na furu wa Ziwa Victoria kama yule aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, wana rangi za kupendeza, lakini ni wagomvi na huhitaji tangi kubwa mara kadhaa kuliko hili.

Wa kuepukwa ni neoni tetra, anayetoka katika maji yenye asidi ya Amazon. Samaki wa dhahabu naye huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua kupita sentimita 20 na kuchafua maji mno; bakuli la duara ni kaburi lake. Vifaranga vya ngege na kambare kutoka bwawani viachwe huko huko.

Usiwatie samaki wote siku moja. Bakteria wanaoivunja amonia huchukua wiki nne hadi sita kukua ndani ya chujio na changarawe, kwa hivyo anza na wawili au watatu, ulishe kidogo, na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Chujio lisuguliwe kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba, la sivyo utawaua bakteria hao.

Ukichoka kufuga, mpe mwenzako au umrudishie muuzaji. Usiwaachilie samaki katika Mto Malewa wala ziwani. Kamba wa maji baridi wa Louisiana walioletwa Naivasha mwaka 1970 waliangamiza mimea ya majini na kukata nyavu za wavuvi. Samaki aina ya kapu, wa ukoo mmoja na samaki wa dhahabu, waliingia ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1990 bila kukaribishwa na mtu, nao wapo hadi leo. Hata maji machafu ya tangi, ambayo huweza kubeba mayai na vifaranga, yasimwagwe mtaroni. Yamwage kwenye sukumawiki.