Safu zisizo na ukubwa maalum zawa mtihani kwa kompaila za maunzi

MNAMO 1994, Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, aligundua kuwa prosesa ya Pentium iliyoundwa na kampuni ya Intel ilikuwa ikikosea kugawanya baadhi ya nambari.

Ilibainika baadaye kwamba katika jedwali lenye vipengele 1,066 lililotumika katika hesabu hiyo, vipengele vitano vilikosekana. Palipostahili kuwa na 2, palikuwa na 0. Intel ilikubali kuwabadilishia wateja prosesa hizo, na Januari 1995 ikatangaza kwamba kosa hilo limeigharimu Dola milioni 475 za Marekani.

Lawama za kisa hicho hazikuangukia kompaila. Hata hivyo, kilidhihirisha jinsi vipengele vichache vya safu vinavyoweza kuponyoka macho ya wataalamu hadi chipu ikafika madukani.

Siku hizi saketi za kompyuta hazichorwi kwa mkono. Mhandisi huziandika kwa lugha maalum za kueleza maunzi. Mojawapo ni VHDL, iliyoanza kama mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani mapema katika miaka ya 1980 na kuidhinishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mnamo 1987. Nyingine ni Verilog, iliyoidhinishwa na taasisi hiyo 1995.

Kompaila ndiyo husoma maandishi hayo, ikakagua sarufi yake, kisha ikayageuza ama kuwa programu ya kuigiza saketi ama kuwa orodha ya milango ya mantiki itakayojengwa kwenye chipu.

Safu ni mfano wa kabati lenye droo zilizopewa nambari, na kila droo ina biti kadhaa. Kabla ya 2008, VHDL ilimruhusu mhandisi kuacha wazi idadi ya droo, lakini ukubwa wa kila droo ulipaswa kutajwa mapema. Toleo la 2008 liliondoa sharti hilo. Tangu hapo, muundo mmoja waweza kuandikwa mara moja na kutumika kwa biti 8, 16 au 32, mradi ukubwa ujulikane kabla ya uigaji kuanza.

Uhuru huo wa mhandisi ni mzigo kwa kompaila. Ikiwa kila kipengele kina biti 8 na hesabu inaanzia sifuri, kipengele nambari 3 huanza baada ya biti 24. Kikiwa na biti 16, huanza baada ya biti 48. Kompaila ikichanganya vipimo hivyo itasoma kipengele cha jirani, na huenda isitoe onyo lolote.

Ndiposa majaribio yanahitaji mpango. Kwanza, kila kipengele hupewa thamani yake ya kipekee, kisha husomwa tena. Iwapo vyote vina sifuri, kosa la kusoma mahali pasipofaa halitaonekana kamwe.

Pili, ukubwa hubadilishwa: biti 1, biti 8, halafu vipimo visivyo vya kawaida kama 7 na 33. Kipimo cha 33 ni muhimu kwa sababu kinavuka mpaka wa biti 32 ambao kompyuta nyingi hutumia kuhifadhi nambari. Aidha, safu tupu isiyo na kipengele chochote haisahauliwi, kwani VHDL inairuhusu.

Tatu, mwelekeo hugeuzwa. Safu inaweza kuhesabiwa kutoka 0 hadi 7, kutoka 7 kurudi 0, au kuanzia nambari nyingine kabisa.

Nne, kompaila hupewa maandishi yenye makosa kimakusudi. Ikimwachia mtu kusoma nje ya mipaka ya safu, au kutia biti 8 katika kipengele cha biti 16, imeanguka mtihani. Vilevile, ni lazima ikatae safu ambayo vipengele vyake havilingani kwa ukubwa.

Mwishowe, matokeo ya uigaji hulinganishwa na yale ya orodha ya milango ya mantiki. Yakitofautiana, mojawapo si sahihi.

Kompaila huria kama vile GHDL, iliyoanzishwa na Tristan Gingold, na Verilator huweka wazi majaribio yake pamoja na programu yenyewe. Kosa linaporekebishwa, jaribio lililolifichua huhifadhiwa na kurudiwa kila programu inapobadilishwa, ili kosa hilo lisirejee kisirisiri.

SystemVerilog, iliyoidhinishwa 2005, ina safu zinazoweza kuongezwa ukubwa hata uigaji ukiendelea. Lakini hizo ni za kupimia saketi tu wala si za kuijenga, kwa kuwa chipu haiwezi kuongezewa transista baada ya kutoka kiwandani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Programu ya kawaida ikiwa na kasoro, mwenyewe hutuma marekebisho kupitia intaneti. Chipu iliyokwisha kuchapwa haina tiba hiyo, na usipoziba ufa utajenga ukuta.