Wali kuku (Simiyu)

Wali kuku ni mlo wa wali unaoliwa pamoja na kuku wa mchuzi, wa kukaanga au wa kuchoma. Katika mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania, ni chakula cha wageni, cha sikukuu na cha sherehe, na pia huuzwa kila siku na mama lishe na kwenye migahawa ya Bariadi, Maswa na Lamadi. Chakula cha kawaida cha nyumbani ni ugali wa mahindi, mtama au muhogo, pamoja na viazi vitamu vibichi au vilivyokaushwa (michembe na matobolwa). Utamu wa wali kuku wa Simiyu huanzia mbali na jiko: kwenye jaruba la mpunga, kwenye banda na kwenye mashine ya kukoboa.

Mazingira

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka mkoa wa Shinyanga. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji. Pamba ndiyo zao kuu la biashara, na mbegu zake hukamuliwa mafuta ambayo yakishasafishwa hufaa kwa kupikia. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha karibu na Mei. Mara nyingi huwa na pengo la ukavu Januari au Februari, na pengo hilo likirefuka, mpunga huumia.

Mpunga wa majaruba

Mpunga mwingi wa Usukumani hutegemea mvua. Hulimwa mabondeni, ambako udongo hushika maji na tabaka gumu la chini huyazuia yasizame upesi. Mkulima huinua matuta kuzunguka kipande cha shamba ili maji yatuame; kipande hicho ndicho jaruba. Hulima kwa plau ya ng'ombe, huvuruga tope, kisha huhamishia humo miche iliyokuzwa kitaluni. Tuta likivunjika usiku wa mvua kubwa, maji huondoka na mbolea pamoja nayo, kwa hiyo kukagua matuta ni kazi ya msimu mzima.

Kati ya mbegu zinazojulikana nchini, Supa hupendwa kwa harufu yake, na SARO 5 kwa wingi wa mavuno. Baada ya kuvuna, mpunga hupurwa, huanikwa na kupelekwa mashineni. Ukikauka kupita kiasi juani, hukatika wakati wa kukobolewa na kutoa chenga nyingi. Ukiwa na unyevu, huota ukungu ghalani. Pumba laini na chenga hurudi nyumbani na kuwa chakula cha kuku.

Kuku wa kienyeji

Karibu kila kaya ya kijijini hufuga kuku wanaojitafutia chakula mchana na kulala bandani au ndani ya nyumba usiku. Mtetea huatamia kwa siku 21. Vifaranga hukua polepole, na mara nyingi huchukua zaidi ya miezi sita kufikia uzito wa kuchinjwa. Mwendo wa kila siku wa kutafuta chakula ndio unaoifanya nyama yao iwe ngumu kuliko ya kuku wa kisasa na mchuzi wao uwe mzito wa ladha.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa mdondo, uitwao pia kideri, ambao unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Hauna tiba, ila una kinga. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na kustahimili joto kuliko chanjo nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kaya inayochanja kwa ratiba ndiyo inayoweza kumchinjia mgeni kuku bila kubaki na banda tupu.

Upishi

Kwa watu watano au sita hutosha kuku mmoja wa kienyeji na kilo moja ya mchele. Kuku huchemshwa kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na limao. Jogoo mkubwa anaweza kuhitaji saa moja na nusu au zaidi, lakini kuku wa kisasa hulainika ndani ya nusu saa. Nyama hutolewa, hukaangwa hadi ibadilike rangi, kisha hurudishwa kwenye rojo la vitunguu na nyanya pamoja na ile supu yake. Supu hiyo haimwagwi, maana ndiyo inayobeba ladha yote.

Mchele huchambuliwa kwenye ungo kutoa mawe na chuya, kisha huoshwa. Vikombe viwili vya mchele huhitaji vikombe vitatu hadi vinne vya maji; mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa zamani. Maji yakichemka na mafuta na chumvi, mchele hutiwa na kufunikwa. Yakikaribia kukauka, moto hupunguzwa na makaa huwekwa juu ya mfuniko ili wali uive pande zote. Huo ndio upaliaji, na wali uliopaliwa vizuri huachana punje kwa punje.

Kuku wa teriyaki juu ya wali

Wali na kuku huweza pia kuandaliwa kwa mtindo wa kigeni: teriyaki ni upishi wa Japani ambamo nyama au samaki hupakwa mchuzi wa soya, sukari na aina mbili za pombe ya mchele, sake na mirin, hadi ing'ae. Ukiwekwa juu ya bakuli la wali huwa mlo kamili. Jikoni Bariadi unaweza kupikwa bila pombe: vijiko vinne vya chakula vya sosi ya soya, viwili vya sukari au asali, vinne vya maji, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na matone ya limao. Chumvi haiongezwi, kwani soya inayo ya kutosha.

Mapaja ya kuku wa kisasa yaliyotolewa mifupa hukaangwa hadi yaive, kisha mchuzi humiminwa na kuachwa upungue hadi ushike nyama. Kuku wa kienyeji lazima achemshwe kwanza hadi alainike, ndipo achambuliwe mifupa na kutiwa mchuzi. Asipochemshwa, sukari itaungua kabla nyama haijaiva.

Mgawanyo na kiporo

Katika familia nyingi firigisi hupewa baba au mgeni wa heshima, na mapaja huwekewa wakubwa. Kwa kuwa watoto ndio wanaohitaji zaidi vyakula vya kujenga mwili, mgawanyo wa haki huwapa nao nyama, si mchuzi mtupu.

Wali uliobaki huliwa asubuhi na chai. Kiporo hiki kina hatari yake: wali ukilala kwenye joto, bakteria huzaliana na kuacha sumu isiyoondolewa kwa kupashwa moto. Wali wa kesho upozwe upesi kwenye sinia pana na uhifadhiwe kwenye jokofu. Mahali pasipo na jokofu, ni salama zaidi kupika kiasi kinachokwisha siku hiyohiyo.