Kivumbasi na Ndugu Zake

Mmea uotao wenyewe bustanini, usiopandwa na mtu wala kumwagiliwa maji, aghalabu huhesabiwa kuwa gugu na kung'olewa pamoja na magugu mengine. Lakini mmea wa namna hiyo ukiguswa na upindo wa nguo, nao ukatoa harufu ya karafuu au ya ndimu, jembe husita, na katika nyua nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, huachwa ukaishi. Huruma hiyo si ya bure, kwa maana watu wa pwani wamekaa na majani ya harufu kwa karne nyingi, wakayapa kila moja cheo na kazi yake.

Cheo cha juu ni cha rehani. Imetajwa katika Kurani, katika Sura ya Ar-Rahman na ya Al-Waqia, na Mtume aliwausia watu wasiikatae wapewapo. Basi haikuwa ajabu kwamba nyumba ya Kiislamu iliyokuwa na kisima na nafasi ndogo ya udongo ilipanda rehani kando ya asumini. Kwa mkono wa mwanamke rehani iliingia katika kikuba, sanaa ambayo kwa rai yangu haijapata sifa inayoistahili: vikonyo vya rehani huchaguliwa vibichi, huunganishwa na asumini, kilua, waridi na vipande vya mkadi, hufungwa kwa uzi, hurashiwa marashi, kisha kikuba hubanwa kifuani, na kila joto la mwili linapozidi ndipo harufu inapozidi kufunguka. Bibi arusi hakukamilika pasipo kikuba, na hata leo vikuba huuzwa Unguja na Mombasa.

Kivumbasi ni ndugu wa rehani kwa damu, ila hakualikwa kifuani. Harufu yake ni kali, nayo kazi zake ni za ulinzi: matawi yake huwekwa chumbani kufukuza mbu, na waganga huyatia katika vuo la kumwogeshea mgonjwa anayedhaniwa kuwa na pepo. Tena huota mwenyewe, kwa hiyo haukuwapo ulazima wa kumpanda. Aliachwa aote penye njia na penye mahame, na aliyemhitaji alijua pa kwendea.

Wageni wenye elimu ya mimea walipofika waliyakuta majina haya yamekwisha kutulia. John Kirk, tabibu aliyekuja Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza, alipeleka mimea ya nchi hizi katika bustani ya Kew. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikusanya mimea na maneno pamoja, na kamusi yake kubwa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Huko Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wadachi waliasisi chuo cha utafiti mwaka 1902, P. J. Greenway alitoa mwaka 1937 orodha ya majina ya mimea kwa Kiswahili na kwa Kilatini. Nawaheshimu wote watatu, lakini insafu hainiruhusu kunyamaza juu ya wenyeji waliowatajia majina hayo, kwa kuwa jani likikaushwa na kubanwa katika karatasi hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake, na bila pua ya mtu aliyelitumia, elimu ya karatasi hupungukiwa. Hata Linnaeus, bingwa wa Uswidi, aliupa mmoja wa jamaa za kivumbasi mwaka 1755 jina la Amerika, hali makazi yake ya asili ni Afrika na Bara Hindi.

Atakaye kuutambua mmea wake na alishike shina kwanza. Likiwa na pembe nne, majani yakiwa mawili mawili yaliyoelekeana, na kila jozi ikikingama na iliyo chini yake, mmea umo katika ukoo wa rehani, mnanaa na zaatari. Harufu peke yake isimghuri, maana kivumbasi kirefu, kile kinachofikia kimo cha mtu, huweza kunukia karafuu mahali pamoja na zaatari mahali pengine, kwa kuwa mafuta yaliyomo majanini hutofautiana baina ya mmea na mmea. Rehani ni fupi, majani yake ni laini, nayo hutaka maji na mkono wa mtu. Kwa hiyo kinachoota chenyewe katika ua uliosahauliwa, mara nyingi ni kivumbasi. Shaka ikibaki, mbegu zitiwe majini: za kivumbasi kirefu hazibadiliki sana, lakini za rehani hujivisha ute mweupe upesi na kuvimba, nazo ndizo zinazotiwa katika faluda.