Kumtafuta Mtumiaji Mkubwa: Historia Fupi ya Kupunguziwa Kasi ya Intaneti Wandegeya

Kampuni ya intaneti inapomwarifu mteja kwamba amepitisha kiwango na kasi yake imepunguzwa, huwa ina mtu fulani akilini. Ni kijana aliyejifungia chumbani, kompyuta yake ikipakua filamu usiku kucha huku majirani wakishindwa hata kufungua barua pepe. Insha hii inamtafuta kijana huyo Wandegeya, mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, ambako wanafunzi wamekuwa wakinunua intaneti kwa zaidi ya miaka ishirini. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwapo. Aliyeonekana kwenye mitambo ya kampuni alikuwa laini moja yenye watu wengi nyuma yake, na kanuni ikaihesabu laini hiyo kama mtu mmoja mlafi.

Uhaba ulikuwa wa kweli, na hilo lazima tulikubali kwanza. Hadi 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa kuiunganisha na dunia, na Uganda haina hata pwani. Barua pepe za kwanza za Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikusanywa na kupelekwa kwa mafungu kupitia laini ya simu. Baadaye ikaja satelaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Katikati ya miaka ya 2000 vyuo vikuu kadhaa vya Afrika, Makerere kikiwamo, viliungana ili vinunue kwa jumla. Vikapata megabiti moja kwa sekunde kwa dola zaidi ya 2,000 kwa mwezi, na huo ukahesabiwa kuwa ushindi, maana kabla ya hapo vililipa karibu mara tatu ya hiyo. Leo mwanafunzi mmoja akitazama mpira kwenye simu anakula megabiti kadhaa peke yake.

Kwa bei hizo, aliyeanza kubana matumizi Wandegeya hakuwa kampuni. Alikuwa mwenye mkahawa wa intaneti. Alinunua laini moja, akaigawa kwa kompyuta kumi au ishirini, kisha akauza kwa dakika. Mteja aliyekaa kusubiri ukurasa ufunguke alikuwa analipia kusubiri kwake, kwa hiyo mtu mmoja akianza kupakua faili kubwa, wote waliobaki walikuwa wanalipishwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mikahawa mingi ilikuwa na tangazo ukutani la kukataza kupakua, na mhudumu aliyepita nyuma ya viti akichungulia skrini. Mabishano yalimalizwa papo hapo, uso kwa uso, ssebo kwa ssebo. Mteja angeweza kueleza kwamba faili lile ni fomu ya maombi ya ufadhili inayofungwa usiku huo, na mara nyingine akasikilizwa. Nauona huu kuwa utaratibu wa haki kuliko uliofuata, ingawa ulikuwa mkali zaidi.

Kwa nini kugawana faili kulichukiwa kuliko matumizi mengine? Jibu lipo katika namna BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, inavyofanya kazi. Badala ya kuchota faili zima kutoka seva moja, inalikata vipande na kuvichota kutoka kwa watu wengi kwa mkupuo, na wakati huohuo inawapa wengine vipande ilivyokwisha kupata. Kompyuta moja hufungua miunganisho mingi sana kwa pamoja. Njia ikijaa, kila muunganisho huelekea kupata fungu linalokaribiana na la mwenzake. Kwa hiyo mwenye miunganisho mia moja anapata mafungu mia, na anayesoma gazeti anapata moja au mawili. Isitoshe, laini nyingi zilikuwa na njia nyembamba sana ya kupandishia data, na BitTorrent huijaza hiyo pia. Fundi wa mtandao aliyekasirishwa na programu hii hakuwa akisingizia.

Marekani nao walikasirika. Mwaka 2007 iligundulika kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa inavuruga BitTorrent ya wateja wake kwa siri, kwa kutuma ujumbe wa uongo uliojifanya unatoka upande wa pili na kuamuru muunganisho ukatwe. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliilaumu Comcast mwaka 2008. Mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo 2010. Kwetu sisi lililo muhimu zaidi ni lile lililotokea katikati. Comcast iliacha kuchagua aina ya programu, na Oktoba 2008 ikaweka kikomo cha gigabaiti 250 kwa mwezi kwa kila akaunti ya nyumbani. Yaani swali likahama kutoka “unafanya nini?” hadi “umetumia kiasi gani?” Swali hilo la pili linaonekana la haki kabisa. Halimchungulii mtu, halimhukumu kwa anachopenda. Lakini ndani yake limebeba dhana kwamba nyuma ya akaunti moja kuna nyumba moja.

Dhana hiyo ilipanda mlima hadi Kampala pamoja na mkongo. SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, na kupitia Kenya uwezo wake ukatufikia. Kampuni zikaanza kutangaza vifurushi visivyo na kikomo, na chini ya tangazo, kwa herufi ndogo, yakaandikwa maneno yaliyotoka moja kwa moja kwenye mikataba ya ng’ambo: matumizi ya haki. Ukifika kiwango fulani hukatwi, unapunguziwa kasi tu hadi mwezi uishe. Neno “haki” hapo linanisumbua kila ninapolisoma, kwa sababu halisemi haki baina ya nani na nani.

Nichukue mfano ninaoujua. Katika hosteli niliyokaa mwaka wangu wa kwanza, watu kumi na wawili wa ghorofa moja tulichanga tukanunua ruta na kifurushi kimoja kisicho na kikomo. Kiwango cha matumizi ya haki kilikuwa gigabaiti 30. Ukigawa, kila mtu ana gigabaiti mbili na nusu kwa mwezi, kiasi ambacho hakimfanyi mtu yeyote kuwa mlafi. Kufikia tarehe tisa hivi ujumbe ulikuwa umeshafika na kurasa zilikuwa zinafunguka kwa kusuasua. Tulipiga simu kwa kampuni. Yule nnyabo aliyepokea alitusikiliza kwa adabu, akatueleza kwamba mfumo unaona mteja mmoja aliyetumia kupita kiasi, na kwamba tukitaka kasi kila mmoja anunue laini yake. Hapakuwa na mtu wa kumweleza kuhusu fomu ya ufadhili.

Tulichofanya ni kurudi kwenye desturi ya mkahawa bila kujua. Tulifungua daftari: anayetaka kupakua chochote kinachozidi megabaiti mia tano aandike jina, akisubiri wenzake walale. Mwanafunzi wa uhandisi alilalamika kwamba programu zake ni kubwa kwa asili. Mwingine aliandika “masomo” mara nne kwa wiki moja na hakuna aliyemwamini. Ila tulijadiliana, na hilo mfumo wa kampuni haukuweza.

Uhaba pia uliwafundisha watu kugawana bila waya kabisa. Kwa miaka kadhaa hadi 2011, waliotengeneza Ubuntu walikuwa wakituma CD bure kwa posta popote duniani. Faili la CD hiyo lilikuwa kama megabaiti 700. Kwa laini ya kilobiti 64 isiyotumiwa na mwingine yeyote, kulipakua kungechukua zaidi ya saa 24. Bahasha ya posta ikifika, CD moja ilitosha kunakiliwa na yeyote mwenye kompyuta ya kuchomea nyingine. Filamu nazo zilipita njia hiyo, kwanza kwa CD, kisha DVD, kisha flashi: unaingia dukani Wandegeya, unachagua kwenye orodha, unajaziwa, unalipa. Nakiri kwamba mimi, mwanafunzi wa Kiswahili katika mji wa Waganda, niliizoea lafudhi ya pwani kwa filamu za Bongo zilizofika kwa flashi. Nakiri vilevile kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 haiwezi kufurahia biashara hiyo, na waigizaji wale hawakupata shilingi yangu.

Miaka ya karibuni kupimwa kumechukua sura nyingine. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN. VPN inaficha unachofanya, kwa hiyo kampuni haiwezi tena kutofautisha BitTorrent na mhadhara, haifichi kiasi. Julai 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaletwa ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Safari ya serikali ni ileile ya Comcast: ilianza kwa kuuliza unafanya nini, ikaishia kuuliza umetumia kiasi gani. Tofauti ni kwamba hapa anayelipa zaidi ni yule mwenye laini inayobeba ghorofa nzima.

Nikirudi kumtafuta yule kijana wa mwanzo, nafikiri Wandegeya nimemwona mmoja tu anayefanana naye, naye ni mwenye duka la flashi. Kompyuta yake haizimwi. Anapakua usiku, wakati njia ni nyeupe, na kwa kipimo chochote cha kampuni yeye ni mlafi wa mtaa. Lakini filamu aliyoipakua mara moja hunakiliwa siku hiyo kwa wateja mia, na hao mia hawaigusi tena njia ya intaneti kuitafuta. Nilipomuuliza kama huwa anapunguziwa kasi, alicheka, akanionyesha ruta tatu zilizopangwa juu ya kabati, kila moja na laini yake.